Wagonjwa Wangu wa Chupani

Jamani, mmeniuliza mara nyingi, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja nimemsimulia kipande. Sasa nasikia vipande hivyo vimeungana huko mitaani na kuwa habari ya mwanamke aliyebeba majini kwenye chupa. Naandika yote hapa ili kama ni kuaibika, niaibike kwa mambo niliyoyafanya kweli.

Kabla ya basi

Kwa asiyenifahamu: naitwa Saada, mzaliwa wa Singida mjini, binti wa muuza vitambaa, na kazi yangu ni kulea samaki katika maabara ya chuo kimoja Dar es Salaam. Si samaki wa kula. Ni vijisamaki vyenye mistari kama pundamilia, na watoto wao, siku chache tangu kuanguliwa, huwa wembamba kama kipande cha uzi na wana miili ya kioo. Ukiwaweka chini ya darubini unauona moyo ukidunda. Tunawatumia kwa sababu moyo huo, ini lao na ubongo wao hufanya kazi kwa namna inayokaribiana na yetu. Wapo wanaozaliwa na kasoro inayowaletea kifafa. Ukiwamulika ghafla wanakakamaa, wanazunguka kama wamepagawa, kisha wanalala ubavu. Dawa ikitiwa kwenye maji yao unaona kama inawatuliza, na unaona pia pale inapoanza kuwaua, kabla haijafika mdomoni mwa mtu.

Dada yangu Rukia, aliyebaki Singida, ana binti wa darasa la sita, Mwajuma, na Mwajuma ana kifafa. Vidonge alivyopewa hospitali vilimsinzisha mpaka akawa analalia dawati, na watoto wenzake wakampa majina. Ndipo Rukia akaelekezwa kwa Bibi Yudita wa Kilimatinde, mganga wa mizizi. Dawa yake ilifanya kazi, tusimnyime haki yake: miezi ikapita mtoto hajaanguka. Ila siku moja alikunywa kikombe chake kama kawaida, akalala, akaja kuamka kesho yake jioni, midomo imepauka. Tangu hapo nilitaka jambo moja tu, kujua dawa ile inatuliza kwa kipimo gani na inaua kwa kipimo gani. Bibi hutoa dawa iliyokwisha chemshwa. Mimi nilihitaji mzizi wenyewe, niupeleke kwa samaki.

Rukia alikubali kwa sharti. "Usimtaje Mwajuma. Bibi akijua tunamchunguza atakasirika, atukatie dawa. Mtoto akianza kuanguka tena, utamshika wewe kutoka huko Dar?"

Nikaapa sitamtaja. Nikampigia Bibi Yudita kwa simu ya duka la jirani yake, nikajitambulisha kwa sauti ya msoma taarifa ya habari: mimi ni mtafiti kutoka chuoni. Nikaeleza samaki, kifafa chao, na haja yangu ya mzizi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mgonjwa nisiyemwona simpi dawa," akasema. "Na mgonjwa haji peke yake, anakuja na mzazi wake. Walete."

Mtu mwenye akili zake angecheka, akatafuta njia nyingine. Mimi nilikwenda kutafuta chupa.

Dar es Salaam hadi Dodoma

Ujanja wangu ulikuwa huu. Niliwatia samaki katika chupa mbili za maji ya kunywa, zile za plastiki ambazo siku hizi kila msafiri anayo mkononi. Niliona nikibeba vyombo vya maabara nitaulizwa maswali njia nzima, lakini nani atauliza habari za maji ya kunywa? Chupa moja ilikuwa ya wagonjwa, nyingine ya wazima wa kulinganishia. Nikabandika plasta kwenye kila moja, nikaandika kwa kalamu, nikazipanga kwenye kapu. Nilijipongeza sana.

Nilipokuwa msichana, basi la kwenda kwetu lilikuwa moja, na lilikuja likipenda. Sasa mabasi ya watu binafsi yamejaa stendi, yana televisheni na mapazia, na wapiga debe wanakugombania kana kwamba wewe ni mali iliyopotea. Mmoja alinyakua kapu langu akalikimbiza kwenye basi la bluu. Mwenzake alinishika mkono akanipandisha kwenye basi jekundu. Basi jekundu likaanza kutoka.

"Wagonjwa wangu!" nilipiga kelele. "Simamisha! Wagonjwa wangu wamebaki!"

Dereva akakanyaga breki. Watu wakasimama kwenye viti, mama mmoja akaanza kusikitika, kondakta akashuka mbio kwenda kuwasaidia kupanda. "Wako wapi, mama? Wanaweza kutembea?"

"Wamo kwenye kapu."

Alinitazama, akalitazama kapu lililokuwa likiletwa kutoka basi la bluu, akachungulia ndani. "Mama," akasema kwa upole mkubwa, "hiki ni kiti chako. Kaa dirishani, upate hewa."

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa Mzee Shabani, mfanyabiashara wa vitunguu wa Manyoni, mtu wa kanzu safi na mdomo usiochoka. Hakuamini kwamba kwenye maji yale mna kitu. Nikamshikia chupa juani mpaka akaviona vijiuzi vyenye macho meusi. "Hivi vinakomaa?" akauliza. "Kidogo," nikasema. "Vikikaangwa je?" Nikamweleza habari za ubongo na dawa kutoka Chalinze mpaka Morogoro, na pale tulipokula chipsi mayai alihitimisha kwamba serikali imebinafsisha kila kitu, sasa imebaki kubinafsisha wagonjwa.

Baada ya Gairo basi liliharibika. Lilipotengenezwa jua lilikuwa limekwisha kwenda, na kufika Dodoma dereva akatangaza tutalala hapo.

Gesti

Nilipata chumba katika nyumba ya wageni iliyokuwa zamani ghala la ushirika. Mwenye gesti, mama mnene mchangamfu, alinipokea kapu, akanipa ndoo ya maji ya moto, akanielekeza kwa muuza wali jirani. Nikala, nikarudi. Kapu lilikuwa tupu.

"Nimekuwekea maji yako kwenye friji," akasema kwa furaha. "Asubuhi utakunywa ya baridi."

Samaki wangu ni wa nchi za joto. Nilikwenda mbio jikoni, nikafungua friji lile jipya, lililokuwa fahari ya nyumba nzima, nikazitoa chupa. Watoto walikuwa wametulia chini, hawatikisiki. Nikazitia ndani ya khanga, moja kila kwapa, nikakaa ukumbini nimekumbatia mikono kama mtu mwenye homa. Mama mwenye gesti alinitazama, akaniuliza kama maji yamekuwa baridi kupita kiasi. Nilimwambia ndiyo, kidogo. Akasema wateja wa Dar wana mambo.

Walizinduka mmoja mmoja. Nililia, nawaambia ukweli, nililia kwa furaha mbele ya televisheni iliyokuwa ikionyesha mpira. Niliporudi chumbani kuwapanga vizuri ndipo nilipoona kwamba chupa zilikuwa zimetoa jasho lile la friji, na plasta zote mbili zilikuwa nyeupe pee. Wino ulikuwa umeishia kwenye makwapa yangu.

Dodoma hadi Kintinku

Nilijiambia si kitu, nitawatambua kwa macho. Nina miaka mingi kazini. Lakini lami ilipokwisha, barabara ilianza kutupiga rungu, na chupani kila samaki alikuwa akikakamaa, akizunguka na kulala ubavu. Kwenye barabara ile hata mzima hutikisika kama mgonjwa. Nilitazama chupa hii, nikatazama ile, vumbi likinijaa puani. Mzee Shabani akanishauri nizipigie kura.

Kintinku tulipasukiwa na gurudumu. Watu wakashuka, wauza mayai ya kuchemsha wakatuzunguka, na Mzee Shabani akanunua mayai akaanza kuyala huku akinieleza namna serikali inavyopaswa kupanga bei ya vitunguu. Hapo ndipo yai lilipomkwama. Alinyamaza ghafla, na kwa mtu yule kunyamaza kulitosha kutujulisha hatari. Macho yakamtoka, akashika koo. Kondakta alimpiga mgongoni, haikusaidia.

"Maji! Mpeni maji!"

Kapu langu lilikuwa wazi miguuni. Kondakta akanyakua chupa iliyokuwa karibu, akafungua, akammiminia. Nilifungua mdomo kupinga, nikaufunga. Ningesema nini, kwamba mzee afe, maji yale yana kazi? Alikunywa gu, gu, gu mpaka chini.

Alipopata pumzi alinishukuru kwa machozi. "Maji yako mazito kidogo, binti yangu, lakini yameniokoa."

"Mzee," nikasema, "umekunywa samaki."

Alifikiri. "Wazima au wagonjwa?"

"Sijui."

"Sasa nitaanguka kifafa?"

"Hapana, mzee. Kifafa hakiambukizi, si kwa maji wala kwa mate wala kwa kumshika mtu. Hata mtu akianguka mbele yako, mshike, mlaze ubavu, usimkimbie." Nilisema kwa sauti, kwa sababu watu walikuwa wamesogea kusikiliza, na kwa sababu nilimkumbuka Mwajuma na majina yake shuleni. Tulipopanda tena, mama mmoja alihama kiti hata hivyo. Mzee Shabani yeye aliwasimulia abiria wote, wa mbele kwa wa nyuma, na ndiko habari ya majini ilikoanzia.

Kintinku hadi Kilimatinde

Basi lilipanda ukingo wa bonde likipumua kwa shida, likanishusha njia panda. Mzee Shabani alinipungia mkono dirishani, mzima kabisa. Nikapata lifti ya pikapu iliyobeba mbuzi. Mbuzi mmoja alijaribu kula kitambaa cha kapu, nikagombana naye njia nzima, na hivyo ndivyo vita pekee nilivyoshinda safari hii.

Kilimatinde iko juu, na kutoka pale unaliona bonde lote ulilolipanda kwa taabu. Sikulitazama. Nilikuwa na chupa moja na sikujua nimembeba nani. Wakiwa wagonjwa, Bibi atawaona wakianguka, atanipa mzizi. Wakiwa wazima, nitakuwa nimesafiri siku mbili kumwonyesha mwanamke mzee maji.

Kwa Bibi Yudita

Nilimkuta uani anapepeta uwele. Mfupi, amefunga kitenge chenye picha ya msalaba, ana ugoro puani. Nikapiga magoti kidogo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbukwenyi," akanisalimu na kwa Kigogo. "Wewe ndiye mzazi wa samaki?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. "Ndiyo, Bibi. Mimi ndiye."

"Karibu mama." Akaniwekea kiti cha plastiki, kile cha wazazi. Kabla ya lolote nikaletewa ugali wa uwele na mlenda, nikala kwa adabu, na mlenda ukanimwagikia kifuani kama ilivyo kawaida yangu. Kisha akasema nimtoe mgonjwa.

Tukaingia ndani penye kiza. Samaki walikuwa wamepumzika, maji yametulia. Nikatoa tochi na lenzi, nikamweleza atakachokiona, nikawasha. Watoto wakashtuka kidogo, wakaendelea na shughuli zao. Nikazima, nikawasha tena. Nikagonga chupa. Walikuwa wakiogelea vizuri sana, wamenyooka, wenye afya ambayo mzazi yeyote angejivunia.

"Mgonjwa ni yupi?" akauliza Bibi, jicho kwenye lenzi.

Ningeweza kudanganya. Ningeweza kusema wanaanguka alfajiri tu. Nilifungua mdomo nimweleze habari za friji na yai, nikaona jinsi maneno hayo yatakavyosikika, nikachoka. Nilichoka na tochi, na chupa, na mtafiti kutoka chuoni.

"Hawa ni wazima, Bibi. Wagonjwa wamenywewa njiani. Mgonjwa wangu hasa hayumo humu. Anaitwa Mwajuma, mtoto wa Rukia wa Singida. Mimi ni mama yake mdogo."

Nilikuwa nimevunja kiapo cha dada yangu, na kama Bibi angeghadhibika, mtoto angelipa.

Bibi Yudita aliweka lenzi chini. "Mwajuma namwona kila mwezi," akasema. "Ungesema wewe ni mama yake mdogo, mzizi ungekufuata kwa basi. Umesema mtafiti. Mtafiti ni mtoto wa nani?"

Kwetu sote, kutoka Manyoni hadi Nduguti, mtoto mdogo anajua kwamba ukibisha hodi unaanza kwa kusema wewe ni mtoto wa nani. Mimi nilianza na chuo.

Hasira niliyoiogopa haikuja. Alileta kikombe cha dawa, akachota kijiko. "Mzazi huonja kwanza. Ndivyo ninavyofanya kwa wote. Mama yake Mwajuma naye huonja." Nikaonja. Chungu, kisha utamu wa mbali. Nikarudi kwenye kile kiti kumweleza jinsi tutakavyoupima mzizi, na sentensi hiyo sikuimaliza.

Nilipofungua macho jua lilikuwa limehamia ukuta mwingine. Bibi Yudita amekaa chini mbele yangu, mkono wake kwenye mshipa wa mkono wangu. Uso wake haukuwa ule wa mwanzo.

"Ni uchovu wa safari," nikasema, ulimi mzito.

"Labda." Hakuuachia mkono. "Rukia alinipigia simu siku ile mtoto alipokataa kuamka. Hakusema kwa lawama. Alisema, Bibi, hii ni kawaida? Nikasema kawaida. Sikuwa najua. Nilikaa pale mlangoni pa duka lenye simu mpaka aliponiambia ameamka, na tangu siku hiyo kila nikichota naogopa. Mama yangu alinifundisha mzizi, mvua yake na udongo wake. Kipimo alikuwa nacho mkononi mwake, akafa nacho."

Nikamshika na mimi mkono wake.

Mizizi alinichimbia mwenyewe, akaifunga kwenye gazeti. "Hao samaki wako," akasema nikiwa mlangoni, "wakifa, niambie. Usiniambie wa kupona tu."

Kurudi

Kurudi hakuna la kusimulia. Nililala kutoka Manyoni mpaka Dodoma, na sijui kama ni kijiko au ni mimi. Wazima wangu wa chupani walifika Dar es Salaam wote, wakiwa samaki waliosafiri kuliko wenzao wote bila faida yoyote.

Tulianza kazi juma lile lile. Mzizi wa Bibi Yudita unatuliza. Niliwaona wagonjwa wakimulikwa na kubaki wamenyooka, nikapiga vigelegele maabara mpaka mkuu wetu akaja kuangalia kuna harusi gani. Tukaongeza kidogo tu, wakalala. Tukaongeza kidogo tena, mioyo ile inayoonekana ikapunguza mwendo, ikasimama. Samaki si mtoto, na kipimo cha maji yao hakiwezi kuwa kipimo cha kikombe chake. Lakini pengo lilikuwa jembamba mno, na mizizi yenyewe haikulingana nguvu, huu mkali, ule hafifu. Hapakuwa na namna ya kusema kikombe cha leo ni salama kama cha jana.

Nikampigia Bibi Yudita nikamwambia wamekufa. Akauliza wengi? Nikasema wengi. Akasema asante mama, akakata.

Jumamosi simu yangu ililia, namba ya Rukia, lakini sauti ilikuwa ya Mwajuma. "Mama mdogo, Bibi Yudita yuko hapa kwetu. Kapanda basi mwenyewe." Nyuma yake nilimsikia dada yangu akilia, na sauti ya Bibi ikimtuliza. "Kamwaga dawa yangu yote uani. Kasema wewe ndiye umemwambia."

"Ni kweli, mwanangu."

"Sasa nitakunywa nini?"

"Vidonge. Mama atakupeleka hospitali, wajaribu vya aina nyingine."

"Vya kunisinzisha tena?"

"Labda havitakusinzisha sana."

"Na hao samaki wako watatengeneza dawa yangu?"

"Tunatafuta ndani ya ule mzizi, kitu kinachotuliza tukitenge na kinachoua."

"Itakuwa tayari nikifika darasa la saba?"

Mnanijua. Sijawahi kukosa neno. Nilimweleza muuza vitunguu habari za ubongo kutoka Chalinze mpaka Morogoro. Kwa kazi hii ninayoifanya, nikibahatika, dawa itakuwa tayari Mwajuma ameshaolewa. Nilishika simu sikioni, nikamsikia akisubiri, na vocha ikawa inakwenda.